Hapa ni wapi? Namna ya kutambua mahali palipopigwa picha ya zamani nchini Uganda

Ukikuta kadi ya posta ya mwaka 1901 imeandikwa "Uganda", usishangilie mapema. Huenda unatazama Kisumu, Nakuru au Naivasha. Hadi mwaka 1902 sehemu zote hizo zilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, ndipo Waingereza wakazihamishia upande wa Kenya ya leo kwa karatasi tu, bila mwenyeji hata mmoja kufunga mizigo. Maneno "Uganda Railway" chini ya picha za treni hudanganya zaidi: reli hiyo ilianzia Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, na treni ya moja kwa moja kutoka pwani haikufika Kampala hadi 1931. Simba, madaraja na mabehewa mengi unayoyaona kwenye picha hizo ni ya Kenya.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye picha mkononi na swali moja: hapa ni wapi? Nauandika nikiwafikiria hasa wasemaji wa Kiswahili wa hapa kwetu, watoto wa landi za reli (nyumba za wafanyakazi wa reli), wa kambi za polisi, wa Bombo, wa Kibuli, wa Jinja. Familia zetu zilihamishwahamishwa na kazi. Babu alizaliwa Arua, akaoa Tororo, akastaafia Nsambya. Kwa hiyo picha iliyotundikwa sebuleni Nsambya haina sababu yoyote ya kuwa ya Nsambya.

Nakili kwanza

Kabla ya kubahatisha lolote, toa nakala nzuri. Skana ya kawaida ya ofisini inatosha: weka nukta 600 kwa inchi kwa picha ya ukubwa wa kawaida, na 1200 kwa zile ndogo zinazojaa kiganjani. Nakili picha nzima pamoja na kingo zake nyeupe, kisha igeuze unakili mgongo wake hata kama unaonekana mtupu. Penseli iliyofifia hujitokeza ukiimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kama huna skana, piga kwa simu karibu na dirisha bila kuwasha flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Picha iliyogandia kwenye albamu usiibandue kwa nguvu. Inakili pale pale pamoja na ukurasa mzima, maana majirani zake ukurasani mara nyingi walipigwa safari hiyo hiyo.

Nakala iliyong'arishwa na programu za akili mnemba usiifanyie uchunguzi. Programu hizo hujaza kisichokuwepo. Kibao cha duka kilichofifia hugeuka herufi safi ambazo hakuna fundi aliyewahi kuziandika, na kilima cha nyuma hulainishwa mpaka kikapoteza umbo lake. Pambia sebule ukipenda, lakini ushahidi uutafute kwenye nakala chafu.

Hakikisha pia kwamba picha haikuchapishwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Hilo lilitokea mara nyingi negativu ilipowekwa ubavu usio wake. Tazama maandishi yoyote, usukani wa gari (kwetu uko kulia), na shati la mwanamume: upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya ule wa kulia. Bila kujua hili unaweza kutafuta kilima wiki nzima upande usio wake.

Maandishi ya nyuma ni madai

Maneno yaliyo mgongoni yasome, uyaandike daftarini, kisha uyatilie shaka. Nani aliandika, na lini? Kalamu ya biki haikuenea kabla ya kwisha Vita vya Pili vya Dunia. Basi "Masaka 1932" iliyoandikwa kwa biki ni kumbukumbu ya mtu wa baadaye, pengine binti, pengine mjukuu aliyesikia kwa binti. Mwandiko wa wino uliofifia kuwa kahawia, unaofanana na sahihi ya mpiga picha, una uzito zaidi.

Kama ni kadi ya posta, stempu itakusaidia kujua zama. Stempu zilizotaja Afrika Mashariki pamoja na Uganda kama himaya zilitumika kuanzia 1903 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Zikafuata za Kenya na Uganda kuanzia 1922. Kisha kuanzia 1935 zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini muhuri wa posta hutaja mji ilikotumwa kadi, na watu walikuwa wakinunua kadi Entebbe wakaitumia posta Mombasa wakisubiri meli.

Majina nayo yalibadilika. "Port Florence" ni Kisumu. Ukiona "Kabalega Falls" badala ya Murchison, au Ziwa Edward likiitwa kwa jina la Idi Amin, au Ziwa Albert likiitwa Mobutu, maneno hayo yaliandikwa miaka ya 1970 au baadaye, hata kama picha yenyewe ni ya zamani zaidi. Upande wa kaskazini uwe mwangalifu na mwaka 1914: kabla yake eneo la West Nile halikuwa la Uganda, bali lilitawaliwa na Wabelgiji na kisha Sudan, ilhali Gondokoro, ambako leo ni Sudan Kusini, kulikuwa kwa Uganda. Picha ya Arua ya mwaka 1912 yaweza kabisa kuwa imehifadhiwa kwenye faili la Sudan.

Picha za Keya zina mtego wake. Wanajeshi wa Uganda wa King's African Rifles walipigana mbali sana, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma. Babu aliyevaa kofia ya pama mbele ya mianzi na mto wenye matope huenda hayuko Bombo wala Jinja. Kama kwenye albamu hiyo hiyo kuna picha za kambi ya Ceylon, umeshapata njia.

Anza na visivyohama

Mavazi huhama, magari huhama, hata ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu anaweza kuonekana shambani Luweero. Mlima hauhami. Ndiyo maana mimi huziba watu kwa karatasi na kutazama mstari wa upeo wa macho peke yake: unapanda wapi, unashuka wapi, una pengo wapi. Uchore kwa penseli kwenye karatasi nyembamba. Mchoro huo ndio utakaotembea nao.

Uganda ina maumbo machache yanayojitangaza. Tororo ni mwamba mmoja uliosimama peke yake nyuma ya mji, ukionekana kutoka mbali sana. Soroti nayo ina mwamba mtupu uliochomoza mjini penyewe, lakini umevimba na kugawanyika. Mbale haina mwamba wa namna hiyo, bali ina ukuta mrefu upande wa mashariki, ukingo wa Wanale, ambao juu umenyooka na ubavuni una majabali na maporomoko membamba ya maji wakati wa mvua. Miji hii mitatu iko kwenye njia moja ya reli, ile inayochepuka Tororo kwenda kaskazini, kwa hiyo watu huichanganya kila siku.

Kisoro ina volkano tatu zilizojipanga: Muhavura yenye ncha kali, Gahinga fupi iliyobapa, na Sabyinyo yenye meno kama ya msumeno. Ukisimama Uganda na kutazama kusini, Muhavura iko kushoto na Sabyinyo kulia. Ukisimama Rwanda na kutazama kaskazini, mpangilio unapinduka. Hapo una jibu la nchi kabla hata ya kujua kijiji. Kabale utaitambua kwa vilima vilivyokatwa matuta kuanzia chini hadi kileleni. Moroto una mlima wake mgongoni kabisa. Ukiona mivumo mirefu (miti ya jamii ya mitende) iliyotawanyika kwenye nyika tambarare, elekeza macho Acholi, Teso au ng'ambo ya Nile kule Pakwach, usipoteze muda Buganda.

Rwenzori ni kesi ya pekee. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na bado mtu anaweza kukaa Fort Portal siku kadhaa asiuone mlima kwa sababu ya mawingu. Kwa hiyo kutokuonekana kwa Rwenzori nyuma ya picha hakuthibitishi kwamba picha haikupigwa Fort Portal. Upande wa pili, theluji ikionekana hutoa habari ya wakati: barafu aliyoipiga picha Vittorio Sella mwaka 1906, alipofuatana na Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, sehemu yake kubwa imeshayeyuka.

Maji husema zaidi ya milima, maana maji yetu yamebadilishwa kwa tarehe zinazojulikana. Maporomoko ya Ripon pale Jinja yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua Aprili 1954. Picha inayoyaonyesha yakinguruma ni ya kabla ya hapo. Bujagali ilizama mwaka 2011 bwawa lake lilipoanza kujazwa. Kule Murchison, mafuriko makubwa ya 1961 na 1962 yalifungua mkondo wa pili, ukapewa jina la Uhuru kwa kuwa ulitokea mwaka wa uhuru. Mkondo mmoja tu ukionekana kwenye picha pana, hiyo yaelekea ni ya kabla ya mafuriko, lakini kwanza jiridhishe kwamba mpiga picha hakuukata ule wa pili kwa kusimama karibu mno.

Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Gati, ufukwe na mitende unayoitafuta huenda iko chini ya maji au ilihamishwa. Butiaba, bandari ya Ziwa Albert, ilimezwa na mafuriko hayo hayo na haikurudi kuwa ilivyokuwa. Anayekwenda huko na picha ya miaka ya 1950 akitarajia kukuta gati atarudi mikono mitupu.

Kampala: hesabu mapaa ya vilima

Kwa Kampala kazi ni rahisi na ngumu kwa pamoja. Ni rahisi kwa sababu karibu kila kilima kina alama yake. Ni ngumu kwa sababu watu wakiona kuba huita Namirembe.

Kanisa kuu la Namirembe lililopo sasa, la matofali na kuba, lilikamilika mwaka 1919. Lililotangulia lilikuwa na paa la nyasi na liliteketea kwa radi mwaka 1910. Rubaga ina minara miwili na ujenzi wake ulikwisha 1925. Msikiti wa Kibuli ni wa 1951. Hekalu la Wabaha'i kwenye kilima cha Kikaaya, lenye kuba ya kijani, lilizinduliwa 1961. Msikiti mkuu wa Old Kampala ulifunguliwa 2007, na mahali hapo palikuwa na ngome ya Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza. Makerere jengo kuu ni la 1941. Liliungua Septemba 2020 na kujengwa upya kwa sura ile ile, kwa hiyo kulitazama lenyewe hakutakuambia kama picha ni ya kabla ya moto au baada. Nyumba kubwa ya nyasi ya Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, iliteketea Machi 2010 nayo ikajengwa upya.

Ukipata alama mbili kwenye picha moja, utajua upande aliosimama mpiga picha. Chukua Namirembe na Rubaga. Ukiwa Kibuli, yaani mashariki, Rubaga itakuwa kushoto na Namirembe kulia. Ukiwa Kasubi, kaskazini, Namirembe inahamia kushoto na Rubaga kulia. Hiyo peke yake inafuta nusu ya mji.

Katikati ya mji tumia majengo kama kalenda. Mnara wa Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, ni wa 1962. Hoteli ya Apolo, ambayo leo ni Sheraton, ni ya miaka ya 1960. Jumba la Mikutano lilijengwa kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1975. Barabara ya Kampala bila lolote kati ya hayo kwenye upeo ni ya kabla ya uhuru, kama kweli kamera ilielekea upande ambako yangeonekana.

Herufi ndogo ndogo

Sasa kuza picha na utafute maandishi. Maduka ya Wahindi ya Jinja, Mbale, Kampala na miji midogo ya reli mara nyingi yalifinyangwa jina na mwaka kwa saruji juu ya baraza. Mwaka huo ni wa jengo, si wa picha, ila unakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Mengi bado yapo: jina limepakwa rangi mara nyingi, mwaka unasomeka. Kibao cha mbao kilichotundikwa mbele ni habari nyingine, kwa sababu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 vibao vilibadilishwa upesi kuliko kuta. Jina la Kigujarati ukutani na jina la Kiganda kwenye kibao cha mbao chini yake yanaashiria miaka baada ya 1972.

Kwa kawaida namba ya gari inayoanza na U ni ya Uganda, K ya Kenya, T ya Tanganyika au Tanzania. Inasema gari liliandikishwa wapi, haisemi lilisimama wapi siku hiyo. Malaba na Busia zimejaa K tangu zamani.

Reli ni rafiki wa mchunguzi kuliko barabara. Kichwa cha treni au behewa lenye herufi KUR (Kenya and Uganda Railways) ni la kabla ya 1948. EAR&H (East African Railways and Harbours) ni kati ya 1948 na 1969. Baada ya hapo ni EAR peke yake, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Kwenye stesheni tafuta ubao wa jina. Mbao nyingi za zamani ziliandikwa pia mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa futi, na kama jina limekatwa na kingo za picha lakini tarakimu zimebaki, umepona. Kasese haikuwa na reli hadi 1956, wala Pakwach hadi miaka ya 1960.

Meli nayo huamua ziwa. Robert Coryndon ilikuwa ya Ziwa Albert. MV Victoria ni ya Ziwa Victoria, kuanzia 1961. Tumia lenzi ya kukuzia. Majina yameandikwa mbele, karibu na nanga.

Vivuli

Kivuli hakisaidii hapa kama kinavyosaidia Ulaya, kwa sababu ikweta inatukata katikati. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli huanguka kusini, na Desemba ni kinyume chake. Kilichobaki ni cha uhakika: asubuhi vivuli huelekea magharibi, jioni mashariki. Kama ubavu wa mlima unaotazama magharibi unang'aa, ni mchana umeshapinda.

Kompyuta na simu

Utafutaji wa picha kwa picha, kupitia Google Lens, Yandex au TinEye, ufanye mapema kwa sababu hauchukui dakika tano. Unasaidia kwa kadi za posta na picha maarufu zilizokwisha kuwekwa mtandaoni. Kwa picha ya familia mbele ya nyumba ya mabati usitarajie muujiza, na ukipewa jibu, jiulize aliyeiweka picha mtandaoni alijuaje. Kosa moja la maelezo hunakiliwa na kurasa ishirini, kisha linaonekana kama mashahidi ishirini.

Kinachonifaa zaidi ni Google Earth. Shusha kamera mpaka usawa wa mtu, ielekeze kwenye vilima, ulinganishe na ule mchoro wako wa upeo. Programu ya PeakFinder nayo huchora mstari wa milima kutoka mahali popote unapotaja. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma, zilizomo ndani ya Google Earth, zitakuonyesha barabara kabla haijapanuliwa.

Mistari miwili

Hapa ndipo makisio yanapogeuka uthibitisho. Tuseme umepewa picha ya vijana watatu na baiskeli mbele ya duka lenye baraza. Nyuma ya paa kuna ukuta mrefu wa mwamba. Mgongoni wameandika "Soroti".

Mwamba wa Soroti si ukuta mrefu, basi maandishi yamekwisha yumba. Wa Tororo ni mmoja uliochongoka, hauwi. Mbale inafaa. Wanale iko mashariki ya mji, kwa hiyo kamera ilitazama mashariki, na duka liko kati ya kamera na mlima. Majabali yanang'aa, yaani ni alasiri. Vivuli vya vijana vinaelekea kwenye mlima. Vinakubaliana.

Sasa tafuta vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja karibu na kingine mbali. Tuseme pengo fulani la ukingo wa Wanale liko juu kabisa ya kona ya kushoto ya paa. Chora mstari kwenye ramani kutoka kwenye pengo hilo kupita kwenye kona ya jengo unalolishuku, uuendeleze upande wa kamera. Mpiga picha alisimama mahali fulani kwenye mstari huo. Kisha tafuta jozi ya pili, labda mnara wa msikiti unaogusa nguzo ya duka la jirani. Chora mstari wa pili. Inapokutana mistari hiyo ndipo palipowekwa kamera.

Ikikutana katikati ya uwanja wa kiwanda au ndani ya mto, jengo ulilolishuku silo. Usilazimishe. Jaribu kona nyingine ya mtaa, au kubali kwamba jengo limevunjwa. Jozi ya tatu ndiyo hakimu: mistari mitatu ikikutana karibu na nukta moja, hakuna atakayekubishia kwa haki. Na kadiri kitu cha mbali kilivyo mbali zaidi, mstari unakuwa mkali zaidi, kwani hatua tatu za kando zinatosha kuuvunja.

Kwa kazi hii ramani za karatasi za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani, Entebbe, bado ni bora kuliko watu wanavyodhani. Zile za zamani zinaonyesha viwanda vya kuchambua pamba, misheni na njia ambazo setilaiti ya leo haizioni.

Kuuliza wazee

Ukifika kwa mzee, salamu kwanza, chai kwanza. "Shikamoo Hajji" na habari za nyumbani zitangulie picha kwa muda wa kutosha. Ukishaitoa, usimwambie unachodhani. Ukisema "Hajji, hii si Mbale?" atakubali kwa heshima, nawe utaondoka na jibu lako mwenyewe. Sema tu, "Baba, nisaidie na picha hii," kisha nyamaza.

Waulize wazee wawili au watatu kila mmoja peke yake. Swali la jina la mahali lina faida ndogo kuliko maswali ya pembeni. Barabara hii ilikwenda wapi? Maji mlichota upande gani? Hapa nyuma palikuwa na nini baada ya Wahindi kuondoka? Aliyeishi pale atakujibu kwa kunyoosha mkono, na mkono huo utalinganisha na ramani. Wanawake wasisahauliwe. Mama aliyekuwa akienda sokoni na kisimani kila siku anakumbuka njia kuliko mumewe aliyekuwa kwenye treni.

Kwenye maktaba na nyaraka

Picha ya kulinganisha ni nusu ya kazi. Hapa Kampala kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kule Wandegeya, maktaba ya Uganda Society ndani ya Jumba la Makumbusho, barabara ya Kira, na hazina ya Makerere. Jarida la Uganda Society lilianza kutoka 1934 na lina picha na ramani za mitaa midogo. Shirika la utangazaji UBC lilikutwa na negativu zipatazo 70,000, nyingi za zama za Amin, na sehemu yake ilionyeshwa Makumbusho mwaka 2019. Mradi wa History in Progress Uganda umekusanya picha za watu binafsi na kuziweka wazi.

Nje ya nchi, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza imeweka mtandaoni picha za Wizara ya Makoloni zilizoainishwa kwa nchi. Chuo Kikuu cha Cambridge kina mkusanyiko wa Royal Commonwealth Society. Kwa misheni, shirika la Mapadre Weupe (White Fathers) lina hifadhi Roma, na ya Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) iko Birmingham. Andika barua pepe fupi, ambatisha picha, taja mwaka unaoushuku. Wahifadhi wengi hujibu, wengine baada ya muda mrefu.

Kwenda mahali penyewe

Nenda na nakala ya karatasi, usiende na picha halisi. Ukifika kijijini, pitia kwa mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) umweleze shida yako. Dakika kumi hizo zitakuokoa na maswali ya kutwa nzima, hasa pale ambapo ardhi ina mgogoro na mgeni mwenye ramani na picha ya zamani anaonekana mtu wa hati. Kambi za jeshi, bwawa na daraja la Jinja usielekeze kamera bila ruhusa.

Pale pale, shika nakala usawa wa macho na uingie na kutoka polepole mpaka jozi zako zijipange. Tarajia kwamba lami iko juu kuliko barabara ya zamani, na kwamba mti mdogo wa kwenye picha sasa ni shina ambalo huwezi kulikumbatia. Piga picha mpya kutoka hapo hapo, uandike tarakimu za GPS.

Kuandika ulichopata

Gawanya kwa ngazi tatu. Yakini: mistari mitatu imekutana, au maandishi yanasomeka na mandhari yanakubali. Yaelekea: mji umejulikana, mtaa bado. Huenda: mzee mmoja amesema na hakuna kinachompinga. Andika pia sababu, si jibu pekee, ili atakayekuja na picha nyingine akupinge kwa hoja. Maneno ya zamani mgongoni usiyafute hata kama ni ya uongo. Yaache, ongeza yako chini pamoja na tarehe ya leo.

Tumia penseli laini, 2B, uandike kando ya mgongo ambako upande wa pili hakuna sura ya mtu. Biki huchimba karatasi na wino hupenya. Nakala moja ipeleke kwa ndugu anayeishi mji mwingine, maana albamu nyingi za familia zetu zilipotea kwa moto au kwa kukimbia vita, na zilizosalia ni zile zilizokuwa nyumba mbili.